Barua Niliyoandika Bila Kumuuliza

Kila ninapoitwa kuzungumza juu ya walemavu na kazi, lazima mtu mmoja anyooshe mkono aulize nilianzaje. Kwa miaka mingi nilijibu kwa kuonyesha mguu wangu wa kushoto. Ugonjwa uliuchukua nikiwa na miaka minne, nikabaki natembea na chuma kilichofungwa kwa mikanda kutoka pajani hadi kwenye kiatu. Jibu hilo liliwatosha. Waliutazama mguu, wakatikisa kichwa, wakaandika neno katika daftari zao. Mara nyingi ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofani na nilikuwa nimefika nimelowa jasho kwa sababu ya ngazi, lakini kuhusu ngazi hakuna aliyeuliza.

Jibu hilo si la kweli. Mguu haukunifundisha kumtetea mtu yeyote. Katika ujana wangu ulinifundisha kufika kazini kabla ya wenzangu na kuketi nyuma ya meza, ili wasinione nikitembea.

Nilianza kwa barua. Niliiandika hapa Lubumbashi, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, wakati Katanga ilipojitenga na sehemu nyingine ya Kongo na tukaambiwa kwamba sasa sisi ni nchi. Nilikuwa karani katika karakana moja iliyotengeneza matangi na mitungi mikubwa ya mvuke. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari kwa mapadri, niliandika Kifaransa kisicho na doa, na mashine ya chapa niliipiga bila kutazama vidole. Wazazi wangu walitoka Kasai. Katika siku zile mtu wa Kasai aliulizwa njiani kwa nini bado yuko hapa. Nyumba tatu za jirani zetu zilikuwa zimebaki tupu, wenyewe wamepanda treni na magodoro yao. Mimi nilibaki kwa sababu mkuu wa wafanyakazi, Mbelgiji mmoja mwenye sauti ya chini, alihitaji mtu wa kuandika barua zake. Nililijua hilo vizuri. Sikuwa na ulinzi mwingine.

Katika karakana ile mabamba ya chuma yaliunganishwa kwa ribiti, ile misumari minene inayotiwa tunduni ikiwa nyekundu kwa moto. Watu walifanya kazi wawili wawili. Mmoja, mpigaji, alisimama nje ya tangi na nyundo ya hewa. Mwenzake, mshikaji, aliingia ndani ya tangi na kukaza chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti, ili ribiti isirudi nyuma inapopigwa. Ukiwa nje, kelele ile ilikutetemesha meno. Ukiwa ndani, sijui niiitaje. Niliingia mara moja, kwa dakika mbili, na jioni yake nilikuwa bado namwambia mama yangu aseme tena, aseme tena.

Kulikuwa na mshikaji mmoja, mtu wa hapa hapa Katanga, mrefu, mwenye mabega ya kuinama kwa sababu ya kukaa ndani ya matangi. Alikuwa amenipita miaka kama kumi na mitano, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. Masikio yake yalikuwa yamekufa kabisa. Alizungumza, tena kwa sauti kubwa kupita kiasi, lakini hakusikia kitu. Karakana nzima ilijua. Kapita, yaani msimamizi wa zamu, alijua zaidi ya wote. Asubuhi alipoita namba za watu, aliziita kwa mpangilio ule ule kila siku, na mpigaji wa yaya alisimama nyuma yake na kumgusa kwa goti. "Prezan!" yaani nipo, yaya alipiga kelele, na watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

"Pole pole, muzee," mpigaji alimwambia kwa midomo, bila sauti. "Utatuua masikio, tukuwe sawa weye."

Kati yao ishara za mikono zilikuwa nyingi kuliko maneno yangu ya Kifaransa. Lakini kwa mikono walizungumza wote mle ndani, hata wenye kusikia, kwa kuwa sauti haikufika popote. Halafu kulikuwa na jambo ambalo yeye peke yake aliliweza. Tangi likimalizika, ribiti zilikaguliwa moja moja. Wengine waligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio. Yaya aliweka kidole upande mmoja na kugonga upande wa pili, na ribiti iliyolegea aliihisi kwenye ngozi. Ile aliyoipitisha yeye haikuvuja.

Ndipo vita vikakaribia. Kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa, walikuwa wameingia mjini, askari wa Katanga waliweka vizuizi barabarani, na siku nyingine ndege ilipita chini tukaingia chini ya meza. Kampuni ikachimba mahandaki nyuma ya karakana, ikafunga sirene juu ya paa, na ikatoa amri. Kila mfanyakazi atapimwa masikio. Asiyesikia sirene hawezi kubaki kazini. Amri niliichapa mimi mwenyewe, nakala kumi na mbili.

Nilipoibandika mlangoni, mpigaji aliisoma polepole akifuata mistari kwa kidole. Kisha akanitazama.

"Karani, hii kipimo ni namna gani?"

"Muuguzi atasimama nyuma yako. Atasema neno, utalirudia."

"Nyuma?"

"Nyuma."

Akafikiri. "Bon. Mi nitakuwa mbele."

Mpango wao ulikuwa huo tu. Watu wangepimwa kwa mstari, mpigaji angesimama mbele ya yaya na kumwonyesha neno kwa midomo na mikono. Muuguzi alikuwa akisali nao kanisa moja, naye asingetazama sana. Na sirene ikilia, mpigaji angegonga tangi mara nne kwa nyundo, yaya angehisi kwenye kiganja, angetoka. Walikuwa wamekwisha kuijaribu.

Mimi niliona mpango ule ni aibu. Niliona ni mambo ya watu wasiosoma, kudanganya pale ambapo mtu angeweza kudai haki. Jumapili niliketi nyumbani kwetu, nikaandika barua kwa mkurugenzi. Niliiandika mara tatu. Ilianza kwa kusema kwamba nina heshima ya kuleta mbele ya macho yake mema jambo lenye uzito. Nilitaja namba ya tikiti ya yaya, ile aliyoitiwa kila asubuhi. Nilisema mtu huyu ni kiziwi kabisa kwa miaka mingi, kwamba masikio yake aliyapoteza katika kazi ya kampuni, na kwamba hata hivyo hakuna anayemshinda kwa ukaguzi wa ribiti. Nikaomba amri ibadilishwe kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wenye kilema. Ukurasa mmoja na nusu. Nilipoisoma tena, machozi yalinilengalenga. Nasema kweli, nililizwa na Kifaransa changu mwenyewe.

Sikumuuliza. Nyumba yake katika kambi ya kampuni ilikuwa dakika tano kutoka ofisini, hata kwa mwendo wangu. Jumatatu asubuhi nilipita mbele yake, mke wake akiwa anafagia, akanisalimu, nikaitika, nikaenda kuweka barua katika sahani ya barua mezani kwa mkurugenzi. Nilitaka jambo limalizike kwanza, kisha aje kunishukuru.

Siku ya tatu mkuu wa wafanyakazi alituita wote wawili. Yaya aliingia na kofia mkononi, mafuta yakiwa bado kwenye vidole, akaniuliza kwa sauti yake ile kubwa, "Karani, ni mambo gani?" Sikujua nimjibuje kwa mikono. Mkuu alikuwa ameiinua barua yangu mbele ya uso wake, na karatasi ilimfunika mdomo, kwa hiyo yaya hakuweza kumsoma. Alisema kwa Kifaransa, polepole.

"Umeandika vizuri. Unasema kiziwi abaki. Na wengine wenye kilema nao wabaki. Mkurugenzi amependa wazo la kujua ni wangapi. Basi tutengeneze orodha. Karani, tuanze na nani?"

Niliuvuta mguu wangu nyuma.

"Sirene ikilia, wewe utakimbia?"

Alitazama chuma changu chini ya meza. Hakukasirika. Nadhani alichoka tu, alikuwa na watu wengi wa kupunguza. Lakini mimi nilifikiria treni na magodoro, nikafikiria mama yangu akiulizwa njiani kwa nini bado yuko hapa. Nikasema, na nilisema nikimgeukia yaya, sijui kwa nini nilimgeukia yeye, "Mimi si kilema, bwana mkubwa. Nina mguu mbaya tu, na kazi yangu ni ya kukaa. Huyu ndiye kilema. Hasikii hata ukimpigia nyundo sikioni."

Yaya alikuwa akitazama midomo yangu. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, cha kazini, lakini maneno yale yalikuwa ya kazini. Kilema, nyundo, sikio, huyu. Kila mtu wa karakana aliyajua. Alivaa kofia yake mle ndani ya ofisi, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya mbele ya mkuu, akatoka.

Karatasi ya kumwachisha kazi niliichapa mimi. Mahali pa sababu paliandikwa kwamba hafai.

Walipewa wiki moja kuiacha nyumba ya kambi. Siku ya kuhama mpigaji alikuja na mkokoteni, nami nikajileta na chuma changu, nikasimama kando ya vyungu kama mgeni wa msibani. Mpigaji ndiye aliyenifuata.

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka kumusaidia."

"Alikuwa na shida gani?"

"Asikie, yaani, hakuwa anasikia..."

"Ile ni shida yako weye. Yeye hakukuwa na shida. Shida ilikuwa yetu siye, tulishaimaliza. Goti yangu ilikuwa na kazi, unaona? Kila asubui. Sasa goti yangu nipeleke wapi?"

Nilijaribu kubeba sufuria. Mke wa yaya aliishika kutoka mkononi mwangu, si kwa hasira, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Acha, karani. Mikono yako iko ya kuandika."

Wakaondoka kuelekea mtaa wa Katuba, kwa ndugu wa mke. Njiani kulikuwa na vizuizi viwili vya askari. Mtu asiyesikia akipigiwa kelele asimame, hasimami. Mpigaji alitembea mbele yake njia nzima, mikono juu, na askari wakamwita mwoga barabara yote. Hayo niliambiwa baadaye. Mimi sikwenda nao.

Kuna jambo moja linanikera mpaka leo kuliko mengine, ingawa si baya kuliko mengine. Wiki chache baadaye sirene ililia kweli. Milio ya bunduki ilikuwa imekaribia, sisi wa ofisini tuliisikia na kutoka, mimi nikivutwa na mpishi wa mkurugenzi. Katika karakana hakuna aliyesikia. Hata mmoja. Nyundo za hewa zilikuwa zinapiga, na wale wote waliopimwa masikio na kupewa karatasi kwamba wanafaa waliendelea kupiga ribiti. Kapita ndiye aliyeingia akikimbia, akipunga shati lake, akigonga matangi kwa rungu moja baada ya jingine. Walitoka kwa kuhisi mtetemo kwenye viganja vyao. Kwa njia ya yaya.

Hoja ndiyo ilikuwa hiyo! Ilikuwa pale, hatua hamsini kutoka mezani kwangu, kila siku ya Mungu. Kama ningekwenda kumuuliza yeye au mpigaji, wangenieleza kwa kucheka kwamba mle ndani viziwi ni wote. Ningeandika mistari minne. Lakini nilikuwa natafuta maneno matamu, na hoja yenyewe sikuiona. Baada ya siku ile niliandika barua nyingine kwa mkurugenzi, fupi. Haikujibiwa. Mshikaji mpya alikuwa amekwisha kuzoea, ingawa matangi sasa yalivuja yakijaribiwa kwa maji, na yalirudiwa.

Kujitenga kulikwisha, nchi ikarudi kuwa moja, mji ukabadili jina, mimi nikabadili ofisi. Nikaanza kwenda kwa wakuu wa kazi kuwaombea watu: fundi viatu asiye na mkono, mwanamke kipofu aliyejua simu zote za ofisi kwa kichwa, vijana wa magongo. Watu walidhani ni moyo mwema. Mtu akiwa na deni la namna yangu hufanya hivyo kwa kila mwingine kabla hajamwendea yule anayemdai. Na kazi hiyo haikuzaa kitu kikubwa. Mkurugenzi anakukaribisha, anakupa soda, anasema sababu yako inamgusa, anapigwa picha nawe, mkono wake ukiwa begani kwako. Ukirudi baada ya miezi mitatu, bawabu amepewa amri. Mmoja aliniuliza kama siwezi kumletea mlemavu "asiyeonekana sana". Mwingine alimwajiri yule kipofu, akamweka mahali pa wageni ili aonekane, na simu akampa mtu mwingine. Nilijifunza kitu kimoja tu kilichonisaidia: kabla ya kuandika mstari kumhusu mtu, nenda kwake umuulize anataka nini. Wengi hawakutaka barua. Walitaka kiti kisogezwe, au saa ya kuanza isogezwe, au wenzao waachwe wawasaidie kama walivyozoea. Mambo hayo ndiyo nilianza kuyakusanya, yakawa kitabu.

Kitabu kilipokaribia kumalizika niliona hakina moyo. Nilijua sura inayokosekana. Nikatafuta, nikaambiwa yaya amehama Katuba, yuko pembeni ya mji, huko Annexe, analima mboga. Nikaenda. Nilimkuta katikati ya matuta ya lengalenga, mchicha wa huku kwetu, mkongwe tayari, mabega yale yale. Mke wake alinitambua kwa mwendo kabla sijafika.

"Karani," alisema. "Ulikawia."

Nilizungumza, naye akamweka yaya mbele yake na kumpa maneno yangu kwa ishara za karakana, zile zile za mle ndani ya matangi. Mpigaji alikuwa amemfundisha. Nilisema naandika kitabu. Nilisema nataka kuandika habari zake, na kwamba safari hii nimekuja kuuliza kwanza.

Yaya alikung'uta udongo mikononi. Kisha akasema, na sauti ilifika mpaka kwa majirani, "Andika. Jina yangu usiweke. Na uandike vile ulisemaka ku biro ya mukubwa. Yote."

"Nitaandika," nikasema.

"Ile ya nyundo na sikio."

"Nitaandika, yaya."

Hakuhitaji mke wake amweleze jibu hilo. Alilisoma mwenyewe.

Nilirudi nyumbani, nikaiandika sura. Ilikuwa nzuri. Ribiti, kidole, sirene, shati la kapita, vyote vilikuwemo. Nilipofika ofisini kwa mkuu, kalamu ilisimama. Nikaandika kwamba nilinyamaza. Nikaona ni uongo, nikafuta. Nikaandika kwamba nilizungumza kwa woga. Nikafuta. Nilifikiria walemavu watakaosoma kwamba mtetezi wao alisema mimi si kilema, huyu ndiye. Nilifikiria na wakurugenzi, jinsi watakavyofurahi. Nilijipa sababu nyingi, na baadhi zilikuwa za busara. Mwishowe niliitoa sura yote. Nilijiambia kuitoa ni afadhali kuliko kuiweka nusu, na kwamba kwa njia hiyo sikuvunja ahadi. Kitabu kikatoka, kikasifiwa, nikaitwa redioni, na waliponiuliza nilianzaje, nikazungumzia mguu.

Nilimpelekea nakala. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani hawezi kusoma Kifaransa kingi na ataifurahia zawadi tu. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwenye suruali, akaketi juu ya debe lililopinduliwa. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akakishusha taratibu mpaka chini. Akafungua wa pili. Nilisimama kwenye jua, chuma kikinichoma paja, na hakuna aliyeniambia niketi. Hakuwa anasoma. Alikuwa anatafuta, neno moja au mawili ambayo angeyatambua, na aliyatafuta ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, mpaka jalada la nyuma. Mke wake aliendelea kufunga mafungu ya mboga.

Nilianza kusema kitu. Mke aliinua mkono kunizuia.

Yaya alifunga kitabu, akakipangusa vumbi kwa kiwiko, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Kisha akachukua ndoo na kurudi kwenye matuta yake. Kutoka kule, mgongo ukiwa kwetu, alifanya ishara mbili tatu kwa mkono mmoja, na mke wake akazitazama.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema uko na mwandiko muzuri."

Walikufa wote wawili, yeye kwanza. Hakuna anayeningoja tena niyaandike haya, na ndiyo sababu nimeweza.